Jasho la Ukuta wa Mama Mkwe

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, siku ya Alhamisi, mama mkwe alipiga simu. Nina hakika na muda huo kwa sababu nilikuwa nimesimama juu ya kigoda nikibadilisha betri ya saa yetu ya ukutani, na nilikuwa nimeazima simu ya mke wangu ili nirekebishe mishale. Ikaanza kuita mkononi mwangu. Nilimpa, naye akaiweka spika ili aendelee kukoroga uji.

"Ukuta umetoa maji tena," mama mkwe alisema baada ya salamu. "Safari hii yamefika kwenye godoro. Fundi anakuja leo kupima. Jumapili yule mnunuzi anapita na gari, namuuzia kahawa yote nimlipe fundi, yaishe."

"Kahawa gani, mama? Si ulisema haijakauka?"

"Itakaukia kwake."

Mke wangu aliacha kukoroga. Sisi tunaishi Kanoni, wilaya ya Karagwe, na mama mkwe yuko Kamuli, upande wa Kyerwa, lakini katika jambo hili hakuna anayehitaji kueleweshwa. Kahawa ya maganda ikikauka vizuri na kupelekwa chama cha msingi cha ushirika, inapata bei yake. Ikiuzwa nusu mbichi kwa mtu anayepita na gari, inapata bei anayoitaka yeye. Mama mkwe ni mjane. Kahawa ya msimu ndiyo matibabu yake, vibarua wake, sukari yake na sadaka yake kanisani mpaka msimu mwingine. Kuitoa kwa bei ya kutupa ili arekebishe ukuta mmoja kulimaanisha kuishi mwaka mzima kwa kutuomba sisi, na yeye si mtu wa kuomba.

Kazi yangu ni kutengeneza cherehani zilizoharibika. Sikuenda shule baada ya darasa la saba. Nilichojua juu ya majengo nilikipata katika vitabu viwili vya ufundi vya mitumba nilivyonunua kwa ajili ya michoro yake, nikaishia kuvisoma vyote. Kutu ndiyo iliyonifundisha kufuatilia maji. Mtu akiniletea cherehani yenye kutu, swali langu la kwanza ni wapi inakaa, kwa sababu nikiisafisha tu bila kujua hilo, itarudi. Nilitaka kuuliza swali hilo hilo kuhusu ukuta wa mama mkwe kabla kahawa haijaondoka. Tulipanda pikipiki na kufika Kamuli kabla ya saa nne.

Kulikuwa na kizuizi kimoja. Kwa mila zetu, mkwe wa kiume haingii chumba anacholala mama mkwe wake. Zamani walikuwa hawatazamani hata usoni. Wakikutana njiani mmoja anachepuka kibanjani, katikati ya migomba. Siku hizi tunasalimiana, tunakula sebule moja, tunataniana kwa mbali. Lakini chumba ni chumba. Nilikuwa nimekwenda kuuchunguza ukuta ambao upande wake wa ndani sikuwa na ruhusa ya kuuona.

Fundi hakuwa mkwe wa mtu, kwa hiyo yeye aliingia. Alitoka akifuta mikono kwenye suruali, akanieleza bila majivuno.

"Nyumba hizi za zamani hazikuwekewa nailoni juu ya msingi," alisema. "Tofali linanyonya maji kutoka ardhini kama utambi wa taa. Tubandue plasta yote, tupige mpya yenye dawa ya kuzuia maji, na nje tuzungushie zege. Laki saba na arobaini, vifaa na kazi."

"Unaweza kusubiri mpaka Jumatatu?"

"Mimi sina haraka. Mwenye haraka ni mama, ndiye anayelala humo."

Maelezo yake yalikuwa na mantiki, na nilipozunguka nyuma ya nyumba nilidhani nimepata ushahidi wake. Kwetu mgomba huanzia pale ukuta unapoishia. Migomba ya karibu na nyumba ndiyo inayolishwa maganda, majivu na maji ya vyombo, ndiyo inayotoa mikungu ya kuonyesha wageni. Chini yake mama mkwe alikuwa amerundika matandazo ya nyasi na majani makavu ya migomba, msimu juu ya msimu, mpaka yamelalia ukuta wa chumba chake kufikia magotini pangu. Niliingiza mkono. Ndani mlikuwa na maji na nyungunyungu wanene.

Nilivua shati la safari nikachukua jembe. Nilisogeza matandazo yote hatua mbili kutoka ukutani, nikachimba mfereji mdogo wa kupeleka maji ya bati upande wa chini. Katikati ya kazi sauti ya mama mkwe ilitoka dirishani juu yangu, bila uso.

"Mkwe, umekuja kwa ukuta au umekuja kunivunia matandazo?"

"Yanalowesha tofali, mama."

"Hayo majani nilimlipa mtu kuyakata. Mgomba ukianguka utakuja kulala pale uushike?"

"Nitamleta binti yako aushike."

"Huyo hawezi hata kushika jembe. Ulipewa ukijua."

Mke wangu alicheka ndani. Niliendelea. Lakini tofali zilipobaki wazi, niliona jambo lisilokaa sawa. Unyevu wa nje uliishia magotini, kwa mstari unaoonekana wazi. Juu ya hapo tofali lilikuwa kavu, la rangi ya chungu kilichochomwa. Kama maji yaliyofika kwenye godoro yalitoka ardhini, yalipaswa kupita hapo.

Niliosha mikono nikaenda kukaa sebuleni, mbele ya pazia la mlango wa chumba. Mke wangu aliingia ndani kuwa macho yangu.

"Maji yanaanzia wapi?" niliuliza.

"Juu."

"Juu wapi?"

"Chini kidogo ya silingi bodi. Ni matone matone, halafu yanatiririka."

"Kwenye plasta kuna unga mweupe, kama chumvi?"

"Hakuna."

"Rangi imebanduka?"

"Haijabanduka. Inang'aa."

"Mwambie inang'aa kuliko siku mlipoipaka," mama mkwe alisema.

Rangi hiyo ilikuwa ya mafuta, ya kijani kibichi. Tuliinunua sisi watoto na wakwe miaka michache iliyopita, pamoja na silingi bodi na vioo vya madirisha, ili mama apumzike na baridi ya asubuhi. Nilikuwa nimesoma kwamba maji ya ardhini mara nyingi hayapandi kupita kiunoni, na yanapokauka huacha chumvi na kung'oa rangi. Haya yalikuwa juu ya kichwa cha mke wangu na hayakuacha kitu. Kuvuja kwa bati nako hakukuwezekana, maana mvua ilikuwa imekatika tangu Jumanne na silingi bodi haikuwa na doa.

Nilibaki na dhana ya tatu, kwamba maji hayatoki ukutani kabisa. Yanatoka hewani na kutua ukutani, kama matone yanavyojaa kwenye mfuniko wa sufuria au nje ya chupa ya soda baridi. Dhana hiyo ina kipimo rahisi. Nilikata kipande cha nailoni upana wa viganja viwili, nikampa mke wangu na selotepu. Alifuta sehemu ya ukuta mpaka ikakauka, akakibandika kingo zote nne. Maji yakitoka ndani ya ukuta, yatajikusanya nyuma ya nailoni. Yakitoka hewani, yatakaa mbele yake, na nyuma patakuwa pakavu.

Kisha nikakumbuka kwamba mtu anaweza kubishana na nailoni, akisema haikubandikwa vizuri. Nilimwomba mke wangu kioo chake kidogo cha mkobani. Alikifunga uzi na kukitundika kwenye msumari wa silingi, katikati ya chumba, mbali na ukuta wowote. Ukuta hauwezi kulowesha kitu usichokigusa.

"Mnanitundikia kioo nijitazame nikikoroma?" mama mkwe aliuliza.

"Ni kipimo, mama," mke wangu alisema.

"Mume wako anapima vitu vingi. Alipokuja kuposa alipima hata ng'ombe wetu kwa kamba."

Hilo ni kweli, ingawa alikuwa ng'ombe mmoja tu.

Nililala kwa shemeji yangu, kibanja cha jirani. Ijumaa asubuhi nilirudi kwenye kiti changu mbele ya pazia. Nje kulikuwa na ukungu mzito, migomba ikidondosha maji kama imenyeshewa.

"Kioo?" niliuliza.

"Hakioni mtu. Kimejaa ukungu, chini kina tone."

"Nailoni?"

Nilimsikia akipitisha kidole. "Mbele imelowa chapachapa. Ngoja niibandue." Selotepu ililia. "Nyuma pakavu."

Nilifurahi kwa namna ambayo nisingeweza kumweleza mtu mwenye godoro lililolowa. Laki saba na arobaini zingejenga plasta mpya mbele ya hewa ile ile, na plasta mpya ingelowa vilevile. Lakini furaha ilinidumu kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Hewa haizai maji yenyewe. Mtu mmoja mzima hutoa mvuke kwa pumzi zake usiku kucha, ila si wa kutiririka ukutani mpaka kwenye godoro. Kitu kingine humo ndani kilikuwa kinatoa maji, na nilipaswa kukipata kupitia pazia.

"Mama, unachemsha maji humo chumbani?"

"Nina jiko kwa nini?"

"Unaanika nguo humo?"

"Mkwe!" Sauti yake ilipanda. Mke wangu akanijibu kwa niaba yake kwamba nguo zinaanikwa nje, na kwamba nisiulize zaidi.

"Una jiko la mkaa la kuota?"

"Niote ili nife?"

"Kuna mtungi? Ndoo ya maji?"

"Kikombe cha maji ya kumezea dawa. Hicho ndicho kimejaza ukuta?"

Sikuwa na swali lingine. Ndipo mke wangu akasema jambo kana kwamba linamhusu yeye peke yake.

"Mama, chumba hiki kinanukia rubisi."

Mama mkwe ni mwimbaji wa kwaya, na rubisi ni pombe ya ndizi. "Unasema nalewa?" aliuliza taratibu.

"Nasema kinanukia. Upande wa huku, kwenye magunia."

"Magunia ya nini?" niliuliza.

"Ya kahawa," mke wangu alisema.

"Mangapi?"

"Manane. Tisa, moja liko chini ya kitanda."

Niliinuka kwenye kiti, nikakumbuka siwezi kwenda popote, nikakaa tena. Miaka yote kahawa ya nyumba ile ilikaa stoo, nyuma ya jiko, na jana yake nilipopita pale na jembe niliona kufuli mlangoni nikaamini imo. "Yameingia humo lini?"

"Walipovunja stoo ya jirani," mama mkwe alijibu. "Ulitaka niwaachie na ya kwangu? Nimeiweka ninapolala. Mwizi atanipita mimi kwanza."

"Na ukuta ulianza lini?"

Alifikiri. "Baada ya hapo. Kama wiki."

"Mama, mbona hukusema kuna kahawa chumbani?"

"Hukuuliza kahawa. Umeuliza nguo zangu."

Nilimwomba mke wangu aingize mkono katikati ya gunia. Alisema mna joto kama chini ya kuku anayeatamia. Mama mkwe akathibitisha, tena kwa kuyasifia: katika baridi hii ya masika huyaegemezea miguu usiku, na tangu yaingie hajaugua magoti. Kahawa yake ilikuwa imeanikwa siku chache za jua la vipindi, ikanyeshewa mara mbili, ikaingizwa gunia kwa hofu ya wezi. Tunda nusu bichi likirundikwa huchemka lenyewe na kutoa maji yake. Magunia tisa yalikuwa yakichemka taratibu ndani ya chumba chenye vioo, silingi bodi na rangi isiyonyonya kitu, na kila alfajiri ukuta wa nje ulipopoa mvuke wote uligeuka maji juu yake.

Nilimweleza hivyo, polepole. Aliuliza swali ambalo nimelifikiria tangu siku ile.

"Mama yangu mzazi aliweka kahawa ndani ya nyumba ya nyasi. Juu ya dari ya miti, moto chini, sisi watoto pembeni. Ukuta haukutoa jasho. Kahawa ni ile ile. Kwa nini?"

Jibu halikuwa kitabuni, ila niliweza kulifikia. Nyumba ya nyasi ilipumua kupitia paa zima. Moshi ulipita katikati ya majani, na mvuke uliufuata. Alikuwa anafanya alichoona kikifanywa na kikafaulu. Iliyobadilika ni nyumba. Kila tulichomletea kwa upendo, kioo, bodi, rangi, kilikuwa kimeziba njia moja ya mvuke. Nilimwambia hivyo pia.

"Kwa hiyo kosa ni lenu," alisema, na nilisikia ameridhika.

Ijumaa hiyo tulitoa magunia. Mke wangu na mama yake waliyaburuta mpaka kwenye pazia, nami nikayapokea upande wangu. Nilikwenda dukani nikanunua turubai. Kwa fito za kibanjani tukajenga chanja uani, na kahawa ikatandazwa kwa tabaka jembamba. Moja ya magunia ya chini lilikuwa na debe zima la kahawa iliyoota ukungu mweupe, imeshikana kama unga uliolowa. Mama mkwe aliiangalia kwa muda mrefu kuliko alivyouangalia ukuta. Usiku kahawa ililala sebuleni juu ya mbao, mlango wa ua ukiwa na wavu na upepo, na mke wangu akatandika mkeka kando yake kuilinda. Mama mkwe aliamua hivyo, na muda wake ukawa mpaka kahawa ikauke. Niliporudi Kanoni nilijipikia mwenyewe wiki mbili.

Jumamosi asubuhi kioo kilikuwa bado na ukungu. Mwembamba, lakini upo. Nilikaa pale nikihisi hesabu yangu inabomoka, na kesho yake mnunuzi anakuja. Kama nilikosea, mama angekuwa amepoteza siku mbili na bado anahitaji laki saba na arobaini.

"Juu ya dirisha si kulikuwa na matundu ya hewa?" nilimuuliza mke wangu. Nilikuwa nimeyaona kwa nje, tofali zenye nafasi, nikayahesabu kuwa wazi.

Alipanda kitini. Nilisikia kitambaa kikivutwa, kisha kingine.

"Kanga kuukuu," alisema. "Na hapa kuna soksi za baba."

"Baridi inapita hapo," mama mkwe alisema. "Na mbu."

Nilimpigia fundi. Alikuja na patasi, akapanua matundu mawili na kufungua mapya mawili karibu na silingi upande wa pili, akayawekea wavu wa mbu. Nilimwonyesha nailoni. Aliigeuza pande zote mbili.

"Msingi wako bado hauna nailoni," alisema.

"Najua. Ndiyo maana matandazo hayarudi ukutani."

"Hapo sawa." Akaomba kipande kile cha nailoni akakitia mfukoni.

Jumapili, baada ya ibada, mama mkwe mwenyewe alitoka chumbani na kioo mkononi, uzi ukining'inia. Alikishika mbele ya uso wangu. Niliona ndevu zangu zilizohitaji wembe.

Gari la mnunuzi lilifika mchana. Alikuwa kijana mchangamfu, anapiga honi kabla ya kuona watu.

"Shikamoo mama! Nimekuja kukupunguzia mzigo."

"Marahaba. Mzigo haupo."

"Umeuza?" Alitazama chanja uani, kahawa ikiwa imetandazwa juani. "Si ile pale?"

"Ile inaota jua."

"Mama, juzi ulisema una shida. Naongeza kidogo. Mia moja kila kilo."

"Shida imekwisha. Ilikuwa pumzi tu."

Kijana alinitazama mimi, kama mwanamume mwenzake, nimsaidie. Nilimwambia mwenye kahawa ndiye huyo. Alipiga honi tena alipoondoka, bila sababu.

Kahawa ilikauka, ikalia ilipotikiswa, ikapelekwa chama kwa bei ya mnada. Ukuta umebaki mkavu, isipokuwa alama hafifu za michirizi ambazo mke wangu ananieleza na mimi ninaziamini. Siku mama mkwe alipopokea fedha, nilimfanyia hesabu sebuleni. Kwenye laki saba na arobaini za fundi nilitoa turubai, elfu thelathini na mbili. Kazi ya matundu, elfu ishirini na tano. Wavu wa mbu, elfu sita na mia tano. Nikamsomea kilichobaki kama fedha iliyookolewa.

"Na debe langu lililooza?" aliuliza kutoka nyuma ya pazia.

Nilisema tulikadirie elfu arobaini. Akakubali. Nikalitoa. Ilibaki shilingi laki sita, thelathini na sita elfu na mia tano.